Toka ya Mlangoni

Anayesema kazi ya fizikia ni kukaa kitako na kufikiri, hajamwona Kiguu. Mwanamke huyu hakukaa. Jina lenyewe alipewa na mama yake alipoanza tu kutembea, likiwa refu, Kiguu na Njia. Ndugu wakalikata, na hilo lililobaki likamfuata shuleni, likamfuata chuo kikuu, likapanda naye hadi ghorofa ya juu ya kitengo cha utafiti, ambako hata fundi wa viyoyozi alimwita Kiguu na yeye akaitika. Kiti chake cha ofisini kilikuwa bado na nailoni ya dukani. Alifikiri akitembea: mezani hadi dirishani, dirishani hadi kwenye mtungi wa maji, mtungini hadi mlangoni. Akifika mlangoni aligeuka upesi, maana mlango ule hakuupenda, na sababu yake tutaifikia.

Kazi yake tuieleze kwanza, kwa kuwa nusu ya ukoo walidhani anatengeneza silaha. Siku moja mezani alitaja kwamba wanagonganisha risasi, na shangazi yake akaweka kijiko chini, na tangu hapo humwombea kila alfajiri. Risasi aliyosema ni ile madini, si ile ya bunduki, lakini nenda wewe ukamweleze shangazi. Kuna watu wenye mashine kubwa ya ajabu, wanachukua viini vya atomu nzito, vya risasi au vya dhahabu, wanavikimbiza kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kisha wanavigonganisha uso kwa uso. Vikigongana vinayeyuka. Kwa kitambo ambacho hata kukiita kitambo ni kukitukuza, linakuwepo tone la rojo lenye moto kupita moyo wa jua. Rojo hilo halitulii. Linatanuka, linapoa, na likishapoa kiasi chake, chembe zilizokuwa zikisukumana ndani zinaachana, kila moja inashika njia yake.

Rojo lenyewe hakuna aliyewahi kuliona. Zinazofika kwenye vipimo ni chembe tu, na chembe nayo haisimulii safari nzima, inabeba zaidi alama ya mguso wa mwisho kabla ya kuondoka. Kazi ya Kiguu ilikwenda kinyumenyume. Alijenga rojo la kubuni ndani ya kompyuta, akalitanua, akalipoza, akazitoa chembe zake, kisha akaziweka kando ya zile za kweli na kuuliza kama zinafanana. Zikifanana, huenda rojo la kweli nalo lilikuwa kama lake. Zisipofanana, arudi mezani. Kwake yeye, arudi kutembea.

Zilifanana kwa mengi. Wingi wake ulikuwa sawa, kasi zake zilikuwa sawa, hata namna zilivyopendelea upande mmoja kuliko mwingine ilikuwa sawa. Zilishindwa kwenye kutoka. Wapimaji wana ujanja wa kuzitazama chembe mbilimbili, zile zilizoondoka karibu karibu, na kwa jinsi zinavyoandamana wanajua chanzo kilikuwa na upana gani na kilichukua muda gani kuzitoa. Wao walisema chembe za kweli zinachomoka karibu zote kwa mpigo. Za Kiguu zilitoka kama wageni wanaoaga. Mnawajua. Mgeni anaaga sebuleni, anaaga tena akivaa viatu, anafika mlangoni anakumbuka habari ya harusi ya binamu, na mwenye nyumba amesimama na kitasa mkononi, chakula kinapoa. Ndivyo rojo lake lilivyokuwa, halikujua kuondoka.

Mkuu wa kitengo alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye miwani ya kamba, ambaye kila mtu alimwita Bi Ushahidi kwa sababu swali lake lilikuwa lile lile, asubuhi na jioni, kwa mkubwa na mdogo. Alimvumilia Kiguu msimu mzima. Juma lile uvumilivu ukafika ukingoni. Alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba kwenye kikao cha Ijumaa alasiri lazima aeleze kwa nini modeli yake inachelewesha chembe. Akishindwa, kitengo kitatumia modeli ya bwana wa chumba cha pili, na yeye atahamia kuwasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza maabara. Si kazi mbaya, lakini modeli ile Kiguu aliijenga tangu ujana wake, hakuwa na mtoto mwingine, na kuiona ikiwekwa kabatini kungemvunja mgongo.

Na hakuijenga peke yake. Hapo ndipo penye kidonda.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, yule aliyemwachisha ziwa, jina lake la nyumbani Kimya. Walisoma somo moja, wakaajiriwa kitengo kimoja, wakapewa chumba kimoja, meza zikitazamana. Mmoja akirandaranda, mwingine ametulia tuli kama maji ya mtungi. Kimya aliandika tumbo la modeli, sehemu inayolitanua rojo na kulipoza. Kiguu akaandika mlango wake, sehemu inayozitoa chembe. Tena Kimya alikuwa na msimamo wake: kila kitu ndani ya programu kiitwe kwa neno ambalo unaweza kumtajia mama. Wenzao wakiandika vifupisho vya ajabu ajabu, yeye aliandika joto, unato, upana, kasi ya kutanuka. Watu walimcheka, yeye akatabasamu, akaendelea.

Kisha ikaja siku ambayo Kimya alisema anaondoka. Alikuwa amepata nafasi kwenye ofisi ya kukadiria mafuriko, na hesabu za maji alizipenda, na mito, alisema, ina watu kando yake. Hilo la watu kando yake ndilo lililomchoma dada mtu. Alisikia kama ameambiwa kwamba maisha yake yote yamekwenda bure. Siku ya mwisho Kimya alikusanya vitu vyake kwenye boksi, akasimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, akaanza kumweleza mambo ya programu aliyoyabakiza, na namna sehemu yake inavyokabidhi namba kwa sehemu ya dada. Kiguu alikuwa amempa mgongo. Akamwambia, "Kama unatoka, toka."

Ulimi hauna mfupa. Kimya alifunga mdomo, akachukua boksi lake, akatoka. Toka siku hiyo hakuna aliyempigia mwenzake simu. Mama yao alibaki katikati, huku akiulizwa habari za huko, huko akiulizwa habari za huku, na kila mmoja akijifanya anauliza kwa bahati tu.

Kiguu akaziunganisha zile sehemu mbili peke yake, kwa hasira, kwa siku chache. Hasira hasara, walisema waliotangulia, lakini nani humkumbuka aliyetangulia akiwa amepandwa na moto.

Ijumaa ikafika. Tangu asubuhi alikuwa ameshagusa kila kitu. Alipunguza unato wa rojo, chembe zikachelewa vile vile. Akapandisha joto la kuachana, zikachelewa. Akalianza rojo mapema zaidi, akalisukuma kwa nguvu zaidi, zikachelewa, tena sasa na kasi nazo zikaharibika. Alikunywa maji mpaka mtungi ukaisha. Wa chumba cha pili alipita akiwa na kompyuta yake kwapani, akamsalimu kwa upole wa mtu anayejua atashinda, na Kiguu akatamani kumrushia kile kiti kipya.

Saa za chakula mama yake akapiga simu. Wa kutulia angekaa, yeye akaanza safari zake za dirisha na mlango huku simu iko sikioni. Mama alitaka kujua kama amekula. Alitaka kujua kama Jumapili atakuja au ataleta tena udhuru. Akaeleza habari za bomba la jikoni linalovuja na fundi aliyeahidi asitokee. Kiguu aliitikia ndiyo, ndiyo, akili iko kwenye chembe. Mama si mtu wa kuitikiwa hivyo, akaubadilisha mdundo.

"Toka mdogo wako aondoke hapo," alisema, "sijakusikia ukicheka, mwanangu."

Kiguu akasimama. Alisimama katikati ya chumba, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Akamwomba mama arudie. Mama akadhani amemkosea, akarudia kwa ukali kidogo zaidi, akiongeza na lawama mbili tatu alizokuwa ameziweka akiba.

"Toka," alisema Kiguu.

"Nani, mimi?" mama aliuliza.

Kiguu alimwambia hapana, si wewe, mama, nisamehe, nitakupigia, akakata. Akaikimbilia kompyuta. Kwa maana ndani ya programu, pale tumbo la Kimya linapokabidhi namba kwa mlango wake, kulikuwa na namba moja iliyoitwa muda_toka. Yeye alipoliona jina hilo hakusita hata kidogo. Muda wa kutoka, alisema. Muda ambao chembe zinachukua kutoka. Akaiweka mahali pake, akaendelea na hasira zake.

Lakini toka ni neno lenye sura mbili. Kuna toka ya mlangoni, nenda zako. Na kuna toka ya saa na siku, toka jana, toka utotoni, toka vilipogongana. Mtu mwingine angeziona zote mbili. Kiguu, tangu siku aliyolitamka akiwa amempa mgongo mdogo wake, alikuwa akilisikia neno hilo kwa maana moja tu, na hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ikiwa Kimya alimaanisha muda toka mgongano, basi yeye amechukua umri wote wa rojo, tangu lilipozaliwa, akaufanya kuwa muda wa kuagana mlangoni. Rojo lisingeacha kuchelewa. Alikuwa ameliambia liage maisha yake yote.

Alirekebisha mstari mmoja. Aliuweka umri mahali pa umri, akakokotoa muda wa kuagana kutoka kwenye uso wa nje wa rojo, pale ambapo chembe zinaachana, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Akaiachia programu iende. Wakati inakwenda alipanda na kushuka ngazi za jengo mpaka mlinzi wa chini akamuuliza kama lifti imeharibika. Aliporudi, grafu ilikuwa imeshachorwa. Chembe zake zilichomoka upesi, karibu sana na zile za kweli. Hazikukaa juu yake barabara, pengo dogo lilibaki, lakini lilikuwa pengo la watu wenye akili, la kuzungumzika. Kiguu alishika kichwa kwa mikono miwili. Furaha ilimjaa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Ushahidi, hata hodi hakupiga vizuri. Akamweleza yote: neno, maana mbili, mstari, grafu. Yule mama alivua miwani, akaitazama grafu kwa muda, akairudisha mezani.

"Umejuaje kwamba ni toka hiyo na si ile?" aliuliza.

Kiguu alimwambia kwamba sasa inakubaliana na vipimo.

"Sikukuuliza inakubaliana na nani. Neno lina maana mbili, wewe umechagua ile inayokupa jibu unalolitaka. Mwanafunzi akifanya hivyo kwenye mtihani tunamwitaje?"

Kusoma tumbo lile la Kimya mstari kwa mstari, lilivyoandikwa kwa mizunguko yake yote, kulikuwa kazi ya majuma, na kikao kilikuwa karibu kuanza. Bi Ushahidi akauliza kama aliyeandika bado yu hai. Yu hai. Ana simu? Anayo. Basi, alisema yule mama, akavaa miwani yake na kurudi kwenye karatasi zake. Aliwajua wote wawili. Alikuwepo siku ile, chumba chake kilikuwa cha tatu kutoka pale, na kuta za jengo lile ni nyembamba.

Nje, ukumbini, Kiguu alianza kutembea. Alikwenda mpaka mwisho akarudi. Alijiambia kuwa maabara ya mwaka wa kwanza si mbaya, watoto wale wachangamfu, mtu hazeeki. Alijiambia kuwa atamwandikia ujumbe mfupi, swali tu, bila salamu. Akauandika, akausoma, ukawa na sura ya amri, akaufuta. Aliandika mwingine wenye salamu, ukawa na sura ya mtu anayehitaji kitu, nao ulikuwa kweli, akaufuta pia. Ungemwona ungedhani amepoteza funguo. Mtu ambaye maisha yake yote hakuogopa njia, sasa alikuwa anaogopa namba moja kwenye simu. Tuseme ukweli, hofu yake haikuwa kwamba Kimya hatapokea. Alihofu kwamba atapokea, halafu aongee kwa adabu, kama watu wanavyoongea na mteja.

Akasimama penye ngazi, akapiga moyo konde, akapiga na simu. Iliita kidogo tu.

"Ni mimi," alisema.

"Najua. Mama amenipigia sasa hivi, anasema umemfukuza kwenye simu."

Sauti ilikuwa ile ile, ya pole pole. Nyuma yake walisikika watu wakibishana juu ya kina cha mto fulani. Kiguu alikuwa amepanga salamu, zikampotea zote, akakimbilia swali kama mtu anayekimbilia mti wakati wa mvua. Alimuuliza juu ya muda_toka, alimaanisha nini alipoandika hivyo.

"Muda toka mgongano, dada," alisema Kimya. "Toka vilipogongana. Kwani wewe ulisoma nini?"

"Nilisoma kutoka. Toka ya mlangoni."

Kimya akawa jina lake. Wale wa mto nao walinyamaza, au alikuwa amesogea mbali nao. Alipoongea hakuongea kwa hasira, na ingekuwa nafuu kama angeongea kwa hasira.

"Hiyo ya mlangoni uliisema wewe," alisema. "Mimi sikuiandika."

Kiguu akakaa. Hakutafuta kiti, hakufuta vumbi, aliketi pale pale kwenye ngazi, magoti yamekunjika, mkoba umemwangukia miguuni. Watu wawili waliokuwa wakipanda walimpita kwa pembeni, na mmoja akageuka kumtazama, kwa kuwa katika miaka yote aliyofanya kazi humo hakuwahi kumwona yule mwanamke ameketi. Jibu alikuwa amelipata, jibu kamili, lenye shahidi, na kikao kilikuwa kinamngoja, na modeli yake ilikuwa imepona. Hakuna hata moja katika hayo alilolikumbuka.

Kimya alimuuliza kama yuko sawa. Alisema mbona hasikii viatu vyake, amesimama wapi.

"Nimekaa," alisema Kiguu.

"Wewe?"

"Nimekaa kwenye ngazi." Alivuta pumzi. "Toka siku ile," alianza, na neno likamtoka likiwa na maana yake nyingine, ile ya siku na masiku, kwa mara ya kwanza toka alipomfukuza mdogo wake. Akashindwa kumaliza. Alibana mdomo kwa kiganja, machozi yakapita katikati ya vidole.

"Hata mimi, dada," alisema Kimya.

Hakukata simu. Naye Kiguu hakukata. Juu, mlango wa chumba cha kikao ulifunguliwa, Bi Ushahidi akatoa kichwa, akachungulia ngazini. Alimwona Kiguu alivyoketi, simu sikioni, mabega yanamtikisika, na kwa mara moja katika maisha yake hakuuliza chochote. Alirudi ndani, akamwambia wa chumba cha pili aanze yeye, Kiguu atakuja akimaliza.